Tone Moja, Dakika Kumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya ameshindwa kufika; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye taarifa nilizonazo zinasema yuko njiani tangu jana; Ndugu unayemwakilisha Mwakilishi mpaka atakapofika; Daktari Mkuu wa hospitali hii, mwenyeji wetu; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu ya Mradi, Wajumbe wa Kamati Ndogo, na Wajumbe wa Kamati ya Kufuatilia Kamati Hizo; viongozi wa dini mliotuombea, na ambao nimeombwa niwaombe mbaki mpaka mwisho; mastekiholda wote, mliovaa beji na mliokosa beji; wauguzi, wafamasia, wafagizi; wagonjwa mliokaa kwenye mabenchi, na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na dirisha la dawa; dada yangu mkubwa mpendwa, uliyekaa pale kiti cha tatu; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo nilichokiruka, basi mwenye nacho ajihesabu nimemtaja mara mbili. (Makofi.)

Kama mratibu wa mradi huu niliahidi kuwa mfupi, na ahadi ni deni. Hotuba hii ina kurasa kumi na nne tu. Nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu, isipokuwa pale penye takwimu, ambapo nimesaidiwa na matumaini.

Waheshimiwa, leo ni siku ya kihistoria. Najua mmeshaambiwa hivyo katika ukumbi huu huu siku tulipozindua bomba la maji lile pale ukutani, na bomba lenyewe mnaliona, halina la kusema. Lakini leo ni kweli. Juu ya meza hii, chini ya kitambaa hiki cha kijani kilichofungwa utepe na mke wa Mjumbe mmoja wa Kamati Ndogo, kipo kifaa ambacho kwa lugha ya kitaalamu kinaitwa bayosensa ya kielektrokemia ya kubainisha maka za saratani ndani ya damu. Neno hilo nimelifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo, na mama watoto ni shahidi, maana ilibidi alale chumba cha wageni. (Vicheko na makofi.)

Sasa, kwa faida ya ambao hawakubahatika kuhudhuria semina, nitaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Saratani, hata ikiwa bado changa, haijui kutunza siri. Hudondosha vitu vyake kwenye damu, protini ndogo ndogo, na hizo ndizo wataalamu wanaziita maka. Basi unachukua kijikaratasi chembamba, juu yake kuna elektrodi, yaani kinjia cha kupitishia umeme kidogo sana, umeme usioweza hata kumkera mbu. Juu ya elektrodi wamepandikiza kingamwili. Kingamwili ni kama mke aliyesimama mlangoni mwa ukumbi akimtafuta mumewe: watu elfu watapita, hashtuki, akipita yule mmoja, anamdaka ukosi wa shati. Akishamdaka, umeme unabadilika, kifaa kinausoma, na jibu linatokea kwenye kioo. Tone moja la damu, dakika kumi! (Makofi. Mwanamke mmoja: "Na asipomkuta?" Vicheko.) Asipomkuta, mama, hilo ndilo jibu salama, na huyo mume atajieleza mwenyewe nyumbani.

(Mwalimu mstaafu wa hesabu, benchi la pili, anasimama na mkongojo wake: "Mheshimiwa, unamaliza saa ngapi? Mimi sijala.") Mwalimu wangu, uliyenifundisha kugawanya mpaka leo ninagawanya, kaa kitako. Vitafunwa vipo, vimefunikwa kule kwenye chumba cha chanjo, na vitatoka mara tu baada ya neno la shukrani. (Mwalimu: "Sikusema nina njaa. Nimesema sijala.") Haya, tumekusikia, Mwalimu. Njaa haina adabu, lakini ratiba inayo.

Niende kwenye mafanikio. Tangu mradi huu uasisiwe tumefanya vikao sabini na viwili, semina kumi na tisa, na wokshopu sita za kuwajengea uwezo wajenga uwezo. Tuna rodimapu, tuna mastapleni, tuna fremuweki ya monitaringi na evalueshen, ambayo yenyewe ina fremuweki yake ya kuimonita. Tumechapisha fulana elfu mbili, na naona wengi mmezivaa na mmependeza, mgongoni zimeandikwa Tone Moja, Dakika Kumi, na kifuani nipo mimi. Tuna gari, lile jeupe pale nje, lenye jina la mradi milango yote minne, hata kwenye buti. Kwa ujumla utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Mwalimu: "Haiwezekani. Ukishafika mia umemaliza.") Mwalimu, hiyo ni hesabu ya darasani. Sisi huku tunatumia hesabu ya utekelezaji.

Na kuhusu ubora wa kifaa chenyewe, naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wabeza maendeleo watakapoficha uso. Kifaa hiki kimefika kwetu miezi minane iliyopita. Katika miezi hiyo minane hakijaharibika hata siku moja! Hakijatoa jibu la uongo hata moja! Hakijakwama kwa sababu ya umeme, hakijaishiwa vijikaratasi, hakijaombewa spea. Niambieni, ni kifaa gani kingine katika hospitali hii chenye rekodi kama hiyo? (Makofi makubwa. Mtaalamu wa maabara, mama mwenye miwani aliyesimama kando ya meza, ambaye hospitali nzima humwita Sindano, anakohoa. Sauti kutoka dirisha la dawa: "Miezi minane kilikuwa wapi?")

Swali zuri. Kilikuwa kinasubiri uzinduzi. Kifaa cha umma, ndugu yangu, hakiguswi kabla hakijazinduliwa. Ni sawa na kukata keki kabla bibi harusi hajafika. Tulisubiri Mgeni Rasmi apate nafasi, akapata, tukakosa mahema. Tulipopata mahema, yeye akakosa nafasi. Ndiyo hali halisi ya utendaji, na mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini msidhani katika kusubiri huko tulikaa tu mikono mapajani. La hasha! Mara tu taarifa ya robo ya pili ilipoonyesha kwamba kifaa kimefika, ofisi yangu ilitoa waraka. Waraka ule uliagiza kwamba mgonjwa yeyote mwenye uvimbe wa kutiliwa shaka asiandikiwe tena barua ya kwenda hospitali ya rufaa, ambako ni mwendo wa saa saba na barabara mnaijua wenyewe, bali aandikwe jina kwenye orodha na asubiri kifaa hapa hapa nyumbani. Orodha hiyo ina watu kumi na wanane, na wote wamo humu ukumbini leo. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya hospitali hii, tumepunguza rufaa za uvimbe kwa asilimia mia moja! (Makofi machache. Daktari Mkuu anatazama viatu vyake.)

Na hapa naomba niwe mtu wa familia kidogo. Namba moja kwenye orodha ile ni dada yangu mkubwa. Dada, simama wakuone. (Dada anasimama nusu, anakaa.) Huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa natambaa, na huyu akaacha shule akanibeba mgongoni, na nilikuwa mzito, msione hivi. (Dada: "Mpaka leo mzito, Kibonge!" Vicheko vikubwa.) Hilo ni jina la utotoni, waandishi wa habari msiliandike. Miezi minane iliyopita dada huyu alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akakataa chai, nami nikajua kuna jambo, maana huyu hakatai chai. Akaniambia amepapasa kitu mwilini, sitasema wapi. (Dada: "Sema tu, si umeshaanza!") Kwenye titi la kushoto. Kidogo, kama punje ya mahindi. Mkononi alikuwa na barua ya Daktari Mkuu ya kwenda rufaa, wino haujakauka. Nikamwambia: Dada, hiyo barua chana. Usafiri saa saba, ulale kwenye korido za watu, wakati mashine inakuja mlangoni pako na mdogo wako ndiye mratibu? Wewe utakuwa wa kwanza. Nikamwandika namba moja kwa mkono wangu mwenyewe, na nikapiga mstari chini yake. Watakaosema ni upendeleo waseme, damu ni nzito kuliko maji. (Makofi, hasa ya akina mama.)

(Mwalimu: "Mheshimiwa, saa saba kasoro.") Mwalimu, subira yavuta heri!

Basi, yote hayo ni maneno, na maneno matupu hayavunji mfupa. Sasa nafunua. Waandishi, kamera. Kamati ya Kufuatilia, fuatilieni. Moja, mbili... (Anavuta kitambaa. Juu ya katoni ya karatasi za fotokopi iliyofunikwa kwa karatasi ya zawadi, kuna kifaa kidogo cheusi, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Makofi. Kisha minong'ono.) Naona mnashangaa udogo wake. Pilipili ni ndogo pia. Teknolojia ya leo inavyoendelea, ndivyo inavyopungua, na miaka mitano ijayo mtegemee kuzindua kitu ambacho hatutakiona kabisa.

Nani awe wa kwanza? Orodha imeshasema. Dada, njoo. (Vigelegele. Dada anapanda jukwaani akijifunga vizuri kanga mabegani.) Mtaalamu Sindano, glovu zako. Mbona unaninong'oneza? Hapa ni mahali pa uwazi na uwajibikaji, mama, sema kwenye kipaza sauti. (Sindano: "Mheshimiwa, tusimpime na hiki.") Mnasikia? Huo ndio unyenyekevu wa kitaalamu, anaogopa kuugusa mwili wa dada wa mkubwa. Usiogope, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikijaribu asubuhi hii ndani ya stoo, nikapata nane nukta tisa. Nikamuuliza mtunza stoo, je, ni nzuri? Akaniambia, Mheshimiwa, punguza soda. (Vicheko vinaanzia kwa wauguzi.) Nami nikashangaa sana kusikia kwamba saratani inaogopa soda. Ndiyo faida ya utafiti!

Haya, kidole. (Sindano anamtazama Daktari Mkuu. Daktari Mkuu anatazama dari. Sindano anachoma kidole.) Tone hilo hapo, jekundu, zuri, la ukoo wetu. Sasa tutasubiri dakika kumi, na katika dakika hizo nitawasomea ukurasa wa nane hadi wa kumi na moja. (Kifaa kinalia: tii!) Tayari? Jamani! Dakika kumi zimegeuka sekunde tano! Huo ndio ufanisi! Soma, mtaalamu. Tano nukta nne! Watu wangu, tano nukta nne, pigeni makofi! (Makofi yanaanza na kufa njiani. Dada: "Ndiyo nini hiyo? Ninayo au sina?") Anauliza anayo au hana. Mtaalamu, mjibu mgonjwa. Sema kwa sauti.

(Sindano, kwenye kipaza sauti: "Ni sukari, Mheshimiwa. Sukari yake ni nzuri.")

(Mwalimu, amesimama: "Ni nzuri kwa sababu kipima sukari hicho ni kizuri, na ni changu! Mtunza stoo alikuja nyumbani asubuhi akasema mnakitaka cha kupiga picha tu, baada ya saa moja mtakirudisha. Kigeuzeni mtaona plasta nyekundu kwenye mfuniko wa betri. Mimi sili kabla sijajipima. Ndiyo maana nimewaambia sijala!" Ukumbi unacheka. Dada hacheki.)

Tulieni. Tulieni tafadhali. Kina plasta nyekundu, ni kweli. Mtunza stoo, uko wapi? Toka nyuma ya nguzo, tunakuona tumbo. Kifaa changu kiko wapi? (Mtunza stoo: "Mheshimiwa, uliniandikia kikaratasi: hakikisha kifaa cha tone moja la damu kipo mezani saa tatu kamili, visingizio havitapokelewa. Nimepekua kila rafu. Kifaa cha tone moja nilichokipata mji mzima ni hicho.") Lakini wewe ulisaini hati ya mapokezi! Ninayo hapa kwenye faili, nilikuja nayo niwaonyeshe wageni. Hii hapa. "Nimepokea kifaa kimoja." Saini yako, muhuri wako. (Mtunza stoo: "Soma na chini, Mheshimiwa.") Chini kumeandikwa... "kwa mujibu wa barua kutoka makao makuu." Vizuri. Na barua ya makao makuu hii hapa, ina mihuri mitatu, haiwezi kudanganya. Inasema, "tunathibitisha kwamba kifaa kimefika, kwa mujibu wa taarifa ya robo ya pili." Na taarifa ya robo ya pili hii hapa. Imesainiwa na nani? Saini hii ina mkia mrefu. Naijua.

Ni yangu.

Subirini kidogo. Ninakumbuka. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Fomu ile ina visanduku viwili. Kimoja kinasema "kimefika." Cha pili kinasema "hakijafika, ambatisha maelezo ya kurasa tatu." Nikaweka tiki kwenye kile cha kwanza, nikijua kwamba kitafika tu, si leo basi wiki ijayo. Nikapeleka juu. Baada ya mwezi mmoja karatasi ikashuka kutoka juu ikiwa na mihuri mitatu, inanipongeza kwamba kifaa kimefika. Nikaisoma mara mbili. Wallahi nilifurahi! Nikasema, kumbe kimefika na hawakuniambia. (Vicheko.) Msicheke, ndugu zangu. Mtu ukiandika uongo wako mwenyewe ukapanda juu, siku unaporudi una muhuri, utautambulia wapi? Umevaa suti.

Na barua ya kuagiza iko wapi? Lazima kuna barua ya kuagiza, hakuna kifaa kisichoagizwa. Hapa kuna barua nne za... za Sindano. "Mheshimiwa, maabara haijapokea kifaa chochote." Ya pili, "Mheshimiwa, narejea barua yangu ya kwanza." Ya tatu, "Mheshimiwa, wagonjwa wanasubiri." Zote nimezigonga muhuri wa "imeonekana." Ya nne pia. (Sindano: "Ya nne nilikuletea kwa mkono. Ulinipa fulana.") Nilikupa fulana. Na huku mwisho kabisa kwenye faili, mahali pa barua ya kuagiza, kuna kipeperushi. Nilikiokota kwenye semina moja, mtafiti fulani alikuwa anaeleza vifaa wanavyovijaribu huko kwenye maabara zao. Nyuma yake pana mwandiko wangu: "Hii nzuri. Ifuatiliwe." Haikuandikwa afuatilie nani. (Sauti kutoka Kamati ya Kufuatilia: "Sisi hatukupata nakala!")

Basi ndugu zangu, mradi huu... naona ukurasa wa kumi na mbili unasema "mradi huu umekuwa mkombozi." Niuache ukurasa huo.

Mtaalamu, nikuulize mbele ya watu, maana nilipoambiwa faraghani sikusikia. Kingekuwepo kweli, kingetusaidia? (Sindano: "Kingekuwepo, Mheshimiwa, kingetupa dalili tu. Kisingesema ndiyo wala hapana peke yake. Bado wangetakiwa waende rufaa, wakatwe kinyama kidogo cha uvimbe, kipimwe. Kazi yake ingekuwa kutuambia tufanye haraka. Na kufanya haraka tulishajua tangu siku ya kwanza, daktari alishaandika barua.")

Dada. Lile jambo, sasa hivi likoje? Bado ni punje ya mahindi? (Dada: "Limao.") Limekuwa limao. Miezi minane. Na wewe ulikaa unasubiri, kila Jumapili ukija nyumbani ukiniuliza, Kibonge, mashine vipi, nami nikikujibu iko kwenye hatua. Iko kwenye hatua, Dada! Nilikuambia hivyo huku natafuna. Wengine kumi na saba wamesubiri kwa sababu hawamjui mtu kama mimi, wewe umesubiri kwa sababu unanijua. Nimeona aibu, watu wangu. Niliandika kurasa kumi na nne na hakuna hata moja yenye neno hilo, lakini nimeona aibu, na naogopa. (Dada anafungua mkoba wake. Feni ya dari inasikika.)

Ile barua ya daktari, nilikuambia uichane. Nitamwomba Daktari Mkuu akuandikie nyingine sasa hivi, hapa kwenye meza hii. Unatafuta nini kwenye mkoba, Dada? (Dada anatoa bahasha iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. "Sikuichana. Nakujua, Kibonge, ndiyo maana sikuichana. Ila ulisema wewe, ndiyo maana sikwenda." Akina mama benchi la mbele wanajifuta macho.)

Haya. Haya basi. Kipaza sauti kiko wazi? Kwa mamlaka niliyonayo, ambayo sijui kama kesho asubuhi nitakuwa nayo, kwa hiyo nayatumia sasa: waraka ule wa kuzuia rufaa nimeufuta. Daktari Mkuu, acha dari, kaa hapa uandike barua kumi na saba, na kalamu ni hii yangu, inaandika vizuri, ndiyo iliyotutia matatani. Dereva wa gari la mradi, lete gari mlangoni. Nyuma lina viti saba. Nasikia mtu anahesabu. (Mwalimu: "Kumi na nane toa saba, kumi na mmoja.") Kumi na mmoja. Wajumbe wa Kamati ya Kufuatilia Kamati, ninyi mmekuja na basi dogo, nimeliona pale chini ya kivuli, hata injini haijapoa. Shusheni mikoba yenu. Basi hilo linakwenda rufaa, ninyi mtarudi kwa miguu, na njiani mtakuwa na nafasi nzuri ya kufuatilia. (Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Wajumbe watatu wanapinga kwa maandishi.)

Mwalimu, chukua kipima sukari chako, na unisamehe. (Mwalimu anajichoma kidole hapo hapo. Tii! "Tatu nukta nane! Nileteeni hivyo vitafunwa kabla sijawaangukia!") Wauguzi, mfungulieni chumba cha chanjo, apewe sahani mbili. Na juisi. Wagonjwa wapewe vya kula njiani, vyote, msibakize kwa ajili ya meza kuu. Ndugu unayemwakilisha Mwakilishi, rudisha hiyo sambusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hujafika, nilipaswa kumalizia kwa kaulimbiu, na ratiba inasema mtaitikia kwa nguvu. Tone moja! (Kimya.) Tone moja! (Mtunza stoo, peke yake: "Dakika kumi." Anakaa.) Asante, mtunza stoo, umenistahi. Maabara yetu! (Kimya.) Fahari yetu! (Honi inalia nje.)

Nibaki na shukrani. Namshukuru Mwalimu kwa kuuazima mradi huu kifaa pekee uliowahi kuwa nacho. Namshukuru mtaalamu Sindano kwa barua nne, ambazo nitazisoma upya, safari hii kabla ya muhuri. Nazishukuru kamati zote tatu kwa vikao sabini na viwili ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyesema hebu tukakione. Mwisho kabisa, nawashukuru ninyi mabibi na mabwana kwa kuja kwa wingi, mkakaa kwenye joto, mkapiga makofi, kuzindua kitu ambacho hakikuagizwa, hakikuja, na hakikuwahi kuwepo, isipokuwa kwenye fulana. Kurasa mbili zilizobaki zinahusu uendelevu wa mradi. Sitazisoma.

(Dada, kutoka mlangoni mwa gari jeupe, bahasha mkononi: "Wewe Kibonge, utaongea mpaka lini? Watu wamejaa, tunakusubiri wewe tu! Unadhani huko nitakwenda peke yangu?")

Naitwa, waheshimiwa. Nisameheni. Nashuka.